Chozi Wangu, Si Chozi Langu

Riziki mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi kutoka Konde, na dua umezisikia tangu juzi mpaka umeanza kuitikia amina kabla sijamaliza, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Umekwenda kuwaaga wenzako wa dukani. Mie nimekalia mbuzi ya nazi hapa uani, karatasi mapajani, na kalamu yenyewe hii inataka kupigwapigwa ndipo iandike.

Ya chakula, ya baridi, ya kufunga mlango, ya wanaume, shangazi yako keshayasema yote, na mengine kayarudia. Huko sina la kuongeza. Mie nataka kukwambia la ndege, na la kifua changu. Asubuhi ulipokuwa unafunga begi ulinipa mgongo ukasema, "Mama, kikikubana tena hicho kifua usiku wa leo, siondoki. Mwanza haikimbii, hospitali watapata mtu mwengine wa maabara." Umelisema kwa wepesi, kama mtu anayesema leo hatupiki wali. Tangu hapo sijatulia. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, na nataka uisome leo hii, kabla gari ya Chake haijaja kesho kukuchukua. Usiende nayo ukaisome huko juu mawinguni, itakuwa haina maana tena.

Unakumbuka nilivyokuwa wakati wa eda. Baba yako alipotangulia mbele ya haki, nikaingia ndani kama sheria inavyotaka. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa! Alfajiri nachoma mikate ya mofa, jua likipanda nimo njiani Konde na kapu kichwani, jioni nimo kwenye muhogo. Kuambiwa kaa, nilikaa, lakini mikono ilikataa. Nikakuna nazi hazina mpishi. Nikafua nguo safi. Ukaniambia, "Mama, utakuja kuukuna na ukuta." Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndipo ukaniletea ile kamera. Uliinunua kwa yule mpiga picha wa harusi wa Konde, naye aliiuza kwa kuwa lenzi imeota ukungu pembeni. Mpaka leo kila ndege wangu ana doa la kijivu juu kushoto, kama kwamba mvua inakuja upande huo tu. Ukasema, "Haya, Mama, shika hiki. Piga chochote kinachopita uani." Nikakujibu uani kwangu hapiti kitu ila kuku wa Bi Mize.

Kumbe nilikuwa muongo. Ndege chozi nilikuwa nikimjua kwa jina tu, kama unavyomjua mtu wa kijiji cha tatu unayemsikia kwenye harusi. Kumtazama, sijapata, hapa hapa Makangale nilipozaliwa. Siku ile akaja kwenye maua ya mpapai. Mweusi, lakini jua likimpiga anageuka zambarau, akigeuza shingo anakuwa kijani, na mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Mkewe hana makuu, mgongo wa majivu, tumbo manjano, lakini ndiye fundi wa nyumba. Anakwenda kuiba utando wa buibui kwenye paa la jiko, anarudi, anafunga jani, anakwenda tena. Nikaketi. Nakwambia nikaketi, Riziki, chai ikapoa na sikujua.

Kisa cha Bi Mize unakijua, lakini unakijua nusu. Ulikuwa ukinipigia simu mchana kutoka dukani, na simu ile yangu ya zamani ilitaka mtu apige kelele. Bi Mize yuko upande wa pili wa ua wa makuti, anapepeta mchele. Wewe humsikii, yeye hakusikii wewe, ananisikia mie tu. Unaniuliza leo je, nami najibu, "Chozi tu, mwanangu, tangu asubuhi! Hata chai sijanywa!" Unacheka. Nami naendelea, "Aa, mie nna raha zangu. Kesho inshallah nataka zaidi!"

Hakukupita muda, Bi Mize huyo mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga, kavaa sura ya msibani.

"Shoga," akasema, "ntu halii hivi. Utapofuka."

"Nani analia?"

"Nimekusikia kwa masikio yangu. Chozi tangu asubuhi, na kesho wataka zaidi. Hamad wako mwenyewe, Mungu amrehemu, asingeridhia."

Nilicheka mpaka nikajishika kwenye mlango. Nikamwambia, "Chozi wangu, Bi Mize, si chozi langu! Ndege! Yule pale, kwenye mpapai!" Akamtazama ndege, akanitazama mie, akatazama uji wake. Akasema, "Na nimeshatia sukari." Tukacheka wote wawili, wanawake wazima, tunagongana mabega.

Hapo ndipo unapoishia wewe. Sehemu ya pili sikukupa. Katikati ya kile kicheko kitu kikakatika ndani yangu, nikaanza kulia. Riziki, mie sikuwa nimemlilia baba yako. Siku ya msiba nilikuwa nahesabu mikeka, nani kala, nani hajala, wageni wa Wete walale wapi. Halafu ikapita. Nilikuwa nikiwaambia watu nimelia, na kila mtu akinisifu kwa subira. Siku ile nililia mpaka sauti ikakauka, Bi Mize kanishika kichwa kakiweka kwenye paja lake kama mtoto, na kila muda ananinywesha uji. Nilipotulia akaniuliza polepole, "Na chozi hili je? Wa au la?"

Nikamwambia, "La."

"Alhamdulillahi," akasema, na akainuka kwenda kumalizia mchele wake.

Basi huko Mwanza, watu wa maana utawapata, wasomi wenzako, watu wa kusikiliza vizuri. Lakini mtafute na mmoja wa kusikia vibaya akaja na uji. Ukimpata huyo, mshike, hata kama anaongea sana. Na wataongea, wako hivyo.

Eda ilipokwisha nikaanza kutoka na kamera, buibui na ndara za mpira, mpaka ukingoni mwa msitu wa Ngezi. Maneno yaliyosemwa unayajua. Mama Riziki kaingia uganga. Mama Riziki anaongea na wenyewe wa msitu. Kuna dada mmoja, si mwenyeji wa hapa, alinikuta nimetazama juu ya mti muda mrefu, akaniuliza kwa adabu kabisa natafuta nini, nikamwambia, "Ninga." Njiwa wa kijani, kila mtoto wa hapa anamjua. Yeye akaondoka upesi upesi, na hakika moyoni mwake kwamba Ninga ni jina la pepo. Baada ya siku kidogo akaja nyumbani na ubani, kuniuliza kama huyo Ninga anaweza kumrudisha mume aliyekwenda Tanga. Nilimrudishia ubani wake, na kusema kweli nilisita kidogo, ulikuwa ubani mzuri.

Lakini nisikuchekeshe tu. Ninga mwenyewe alinifunza jambo lililoniuma. Ijumaa ile tuliyokwenda pamoja, unakumbuka, tuko chini ya mkuyu, matunda yanadondoka, na wewe ukanigusa bega. Yuko hapo, tawi la chini, karibu kuliko wakati wote. Ukaninong'oneza, "Mama, mtazame." Nikakwambia, "Ngoja nimpate kwanza." Nikabonyeza hiki, nikazungusha kile, mara kiza, mara mwanga mwingi. Akaruka. Nilipiga tawi. Jioni ukaziangalia picha zangu zote, tawi, tawi, tawi, ukasema, "Mama una albamu ya miti." Na mie njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuuliza alikuwaje. Ukaniambia miguu myekundu, jicho lina duara, alipokula aliinamisha kichwa. Ulimwona kwa sababu hukuwa na kitu mkononi.

Nilikosa usingizi kwa ajili ya ninga, utasema mama mjinga. Haikuwa ninga. Niliwaza siku za maradhi ya baba yako. Nilimhudumia vizuri, Mungu shahidi, na watu walisema. Beseni, uji, dawa, shuka. Akisema, "Kaa kidogo, Mama Riziki," namjibu ngoja nimalize hili kwanza. Sasa nikijaribu kukumbuka uso wake wa siku zile za mwisho, naliona beseni. Shuka ile ya maua ya buluu naiona vizuri kabisa. Yeye simwoni. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na halirekebishiki, ila nimejifunza kushusha kamera kwanza. Sasa ndege akija namtazama, nikishiba namtazama tena, na akiwa bado yupo ndipo namwinulia lenzi. Nina picha chache kuliko zamani, lakini ukiniamsha usingizini naweza kukwambia jicho la kila mmoja. Huko ziwani unakokwenda nasikia ndege ni wengi wa ajabu. Usianze kunirushia picha siku ya kwanza. Tazama kwanza, unisimulie kwa mdomo.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniwasha.

Picha ya chozi iliyo ukutani sebuleni, ile unayowaonesha wageni, ile yenye manyoya ya manjano yametoka kwapani, unajua nilivyoipata. Ulinionesha kwenye simu yangu mpya sauti ya chozi dume, ukaniambia, "Mara moja tu, Mama, na si wakati wa kiota." Mie nikasikia mara moja, la kiota likapita sikio la pili. Uliporudi kazini nikaiwasha. Akaja kama risasi! Anadhani kuna dume mwengine kaingia kwake. Akatua juu ya simu, akajivimbisha, akatoa yale manjano, akaimba kwa hasira. Nikapiga. Zikatoka nzuri, nikaiwasha tena. Kesho yake tena. Wiki nzima nilikuwa na ndege wa kuitwa, kila nikitaka anakuja, na nikajiona fundi mkubwa. Yale manyoya ya kwapani hayatoki ndege akiwa na furaha, Riziki. Hutoka akitaka kupigana. Wageni wanasifu urembo, na ni hasira.

Mwisho wake unaujua, tulikitoa pamoja kile kiota. Mayai baridi. Wametaabika na uadui usiokuwepo mpaka wakahama. Ulikuwa na haki ya kunigombeza na hukunigombeza, ulisema tu, "Basi, Mama," ukaenda kuosha mikono. Ningependa ungenigombeza.

Na kifua changu ni hiyo hiyo sauti ya simu.

Haya, nimeliandika. Siku walipokupigia kutoka Mwanza ulikuwa umesimama pale kwenye pipa la maji, unaruka, unasema ndio, ndio, naweza. Mkono wangu ukaenda kifuani. Wallahi ulikwenda wenyewe, sikuutuma. Ukaniona, ukatupa simu, ukanikimbilia. Na mie, mwanangu, nilipokuona umenikimbilia, nilifurahi. Furaha ile nakuapia iliingia mpaka kwenye mifupa. Mara ya pili, Jumapili, mkono haukwenda wenyewe. Niliupeleka. Daktari wa Wete akasema kifua safi, ukabishana naye, ukasema madaktari hawaoni kila kitu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo na sikufungua mdomo. Tumerudi nyumbani ukanipikia, ukanifunika, ukawapigia wa Mwanza kuwaomba wakungoje kidogo. Wakakungoja. Safari ijayo hawatakungoja.

Sina ugonjwa wowote ila wa kutotaka uondoke. Huo nao hauui, nimeuliza. Kasirika kama unataka kukasirika, nakupa ruhusa, jioni hii yote ni yako. Nisusie hata mkate nitakaoutoa. Lakini kesho gari ikija, uwe umeshavaa viatu.

Leo asubuhi ulipokuwa ndani na begi lako, nilikuwa hapa. Wale chozi wapya, waliojenga kwenye waya wa kuanikia chini ya dirisha lako, hao ambao sikuwaita na chochote, kinda lao limetoka. Limesimama mlangoni mwa kiota, linatetemeka, linataka kurudi ndani. Mama yake yuko kwenye mpapai na kidudu mdomoni. Analia, tsi, tsi, tsi. Nikadhani analigombeza. Kisha nikaelewa. Analiita, lakini hasogei. Kila kinda likinyoosha shingo, mama anarudi nyuma tawi moja. Umri wote huu sikujua kwamba kuna kuita kwa namna hiyo, kumwita mtu atoke. Likaruka, likaanguka kwenye nguo zako za kuanika, likang'ang'ania kanga, likaruka tena. Kamera ilikuwa hapa pembeni yangu na sikuigusa. Ndipo nikaomba kalamu kwa Bi Mize.

Nakutaka jambo moja tu, na ni la bibi yako. Tulipokuwa tukitumwa kuni Ngezi alituambia, msituni ukisikia jina lako linaitwa, usiitike mara ya kwanza. Kisicho mtu huita mara moja kikanyamaza. Mtu akiwa na haja nawe ataita tena. Tulikuwa tukiogopa, tunashikana mikono, hakuna anayeitika hata kwa mama yake mwenyewe, na mara nyingi tulipigwa kwa hilo. Sasa fanya hivyo kwangu. Mie najijua. Nitakuwa mwema mwezi wa kwanza, halafu siku moja mvua itanyesha, nyumba itakuwa kimya, na nitakupigia simu na sauti ile nyembamba, unaijua. Nitasema goti. Nitasema mgongo. Nitakohoa. Usiitike mara ya kwanza, Riziki. Nifungie simu, unywe maji, umalize kazi yako.

Nikiita mara ya pili, pokea, na uniulize kama alivyoniuliza Bi Mize, wa au la. Nikisema wa, nisimulie nawe wa kwako. Nikisema la, basi kaa nami kidogo kwenye simu mpaka niishe kulia, halafu rudi kazini. Sitakudanganya tena. Nikiwa mgonjwa kweli, Bi Mize atakupigia yeye, na huyo hajui kunong'ona, utamsikia hata bila ya simu.

Kamera nimeitia kwenye begi lako, chini ya kanga, pamoja na chaji yake. Usiitoe. Mie nimebaki na macho, na darubini ya baba yako ya kutazamia ngalawa, inanitosha. Doa la ukungu utalizoea.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na kusema najua sana, kama unavyoona. Kesho asubuhi sitakusindikiza mpaka barabarani. Nitabaki hapa uani. Bi Mize atakushika mkono pale kwenye gari na kukwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka Konde, kwamba mama yako amebaki na chozi. Mwambie unajua. Mwambie wote wawili wapo, wa na la, na upande gari.

Mama yako